Malori Yanapita Wapi?

Baiskeli ya baba yangu imening'inia kwenye ukuta wa uani tangu mwaka 1998, gurudumu la nyuma limepinda mfano wa ungo uliokanyagwa. Kila alfajiri alikuwa akiipanda kutoka Vingunguti kwenda kiwandani, akipita barabara ambayo wazee hata leo huiita ya Pugu, hadi siku ile lori lilipomsukuma mtaroni. Mguu ulipona, lakini ukabaki mfupi kuliko mwenzake. Mama hakusema mengi. Alisema tu kwamba hakuna mtoto aliyemzaa yeye atakayepanda tena chombo kile. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi, na nilikwisha jua kuendesha kwa kupitisha mguu katikati ya fremu, kwa sababu kiti sikukifikia. Niliitii amri. Mdogo wangu wa kike, kama nilivyokuja kugundua baadaye, alikuwa na siri zake.

Huyo mdogo wangu ndiye aliyekwenda kusoma katika mji wa Toulouse, kusini mwa Ufaransa, na ndiye aliyenialika huko mwezi wa Julai mwaka 2023. Aliniandikia kwamba tutasafiri siku mbili kando ya mfereji mpaka mji wa Castelnaudary. Chombo cha kusafiria hakukitaja, nami nikadhani ni mashua. Asubuhi ya safari niliposhuka ngazi nilikuta baiskeli mbili zimeegemezwa ukutani, mifuko imefungwa pande zote za karia. Nikamwambia waziwazi kwamba mimi ni mtu mzima, nina mume na mtoto, na Mama yu hai.

Akacheka. "Dada, panda kwanza. Ukiona lori mbele yetu, tunarudi."

Mfereji wenyewe huitwa Canal du Midi. Unatoka Toulouse na kwenda kilometa 240 hivi hadi pwani ya Bahari ya Mediteranea. Kando yake ipo njia ambayo zamani ilikuwa ya farasi waliovuta mashua kwa kamba. Farasi walikwisha, na mashua za mizigo nazo zikakoma katika miaka ya 1980, lakini njia ilibaki. Kutoka Toulouse imetandikwa lami kwa kilometa hamsini hivi. Nchini humo njia za namna hii ziliingizwa katika sheria ya barabarani mwaka 2004, na alama yake ni kibao cha buluu chenye picha ya mtu aendaye kwa miguu, mwenye baiskeli, na mpanda farasi. Gari haliingii, wala pikipiki.

Hayo niliyasoma baadaye. Siku ile nilichokijua ni shingo yangu. Katika saa ya kwanza niligeuka nyuma kila baada ya mizunguko michache ya pedeli, kama kuku anayevuka uwanja wenye mwewe. Mtoto wa miaka mitano alinipita akipiga kengele. Bibi mmoja mwenye mvi, kikapu cha mikate mbele yake, alinipita naye. Aliyekuja nyuma alikuwa ama amevaa kaptura ama amebeba mkate, na bado nikageuka. Mdogo wangu hakunikemea, alipunguza mwendo tu. Kadiri mji ulivyokuwa ukibaki nyuma na mashamba ya alizeti yakianza, niliona kwamba nimeacha kugeuka, nami sikumbuki niliacha mahali gani.

Nikaanza kutazama. Kila baada ya kilometa chache pana chumba cha mawe chenye milango mikubwa miwili, ambamo mashua huingia, maji yakafunguliwa, nayo ikainuliwa au kuteremshwa kama mtu aliye kwenye ngazi. Vyumba hivyo vina kuta zilizobinuka kwa nje mfano wa yai, kwa kuwa ukuta ulionyooka uliwahi kuporomoka, na mjenzi akajifunza. Huyo ni Pierre-Paul Riquet, mkusanyaji wa kodi ya chumvi, aliyeanza kazi mwaka 1666 akiwa amekwisha pita miaka hamsini na kuzamisha humo mali yake. Alifariki mwaka 1680, na mfereji ulifunguliwa mwaka uliofuata. Kazi ilipopamba moto vibarua walifikia kiasi cha 12,000, na wanawake walikuwamo. Jambo lililonishangaza mimi, binti wa mfanyakazi wa kiwandani, ni kwamba aliwalipa kwa mwezi, na mshahara wao haukukatwa kwa siku za mvua, za Jumapili wala za kuugua. Hiyo ilikuwa katika karne ya kumi na saba! Bila shaka hakufanya hivyo kwa huruma tupu. Alihitaji watu wasiomkimbia wakati wa mavuno. Hata hivyo waliugua na wakalipwa. Baba alipolazwa miezi minne tulikula kwa mjomba.

Tulipoketi kula kwenye kivuli, mzee mmoja aliegemeza baiskeli yake jirani nasi, akataka kujua tumetoka wapi. Mdogo wangu alinitafsiria. Mzee alisema kuwa baba yake, fundi wa karakana, alipata likizo yake ya kwanza yenye malipo mwaka 1936, mwaka ambao sheria iliwapa wafanyakazi wa Ufaransa siku kumi na tano. Wengi hawakuwa wamepata kuiona bahari. Yeye na mchumba wake walipanda baiskeli moja ya viti viwili wakaenda hadi pwani, wakilala katika mazizi ya wakulima. "Mimi ni matunda ya safari ile," alisema, akatuachia nyanya nne na kwenda zake.

Miti iliyotupa kivuli ni ya aina ya platani, mikubwa, matawi yamekutana juu ya maji. Ilipandwa kwa wingi katika karne ya kumi na tisa, na mwanzoni mwa karne hii ilikuwa kama 42,000. Mwaka 2006 ukungu unaoiua uligunduliwa karibu na Carcassonne. Inasadikiwa kwamba uliingia nchini humo katika Vita Kuu ya Pili, ndani ya mbao za masanduku ya risasi ya jeshi la Marekani. Dawa haina. Miti imekatwa na kuchomwa kwa maelfu na maelfu, na mingine ya aina tofauti inapandwa mahali pake.

Jioni tuliuacha mfereji ili tukalale katika kijiji kilicho juu ya kilima. Hapo njia ni barabara ya kawaida, nyembamba, yenye alizeti huku na huku. Ndipo niliposikia injini nyuma yangu. Mikono ilikakamaa, jasho likanitoka, nikamwona Baba mtaroni. Gari halikupita. Lilikuja taratibu nyuma yetu, pasipo honi, mpaka kwenye kilele ambako dereva aliweza kuona mbele. Kisha likahamia upande wa pili kabisa likapita. Nje ya miji sheria yao inamtaka dereva aache mita moja na nusu kati yake na mwenye baiskeli. Mdogo wangu alisema wapo wasioitii, nami namwamini. Huyu aliitii. Nilishuka, nikasimama kando ya alizeti, nikalia kwa sababu ambayo sikuweza kuieleza vizuri.

Siku ya pili tulifika Naurouze, mahali palipo juu kuliko sehemu nyingine zote za mfereji. Maji huletwa pale kwa mtaro kutoka milimani na kugawanyika: mengine huelekea Toulouse na hatimaye Bahari ya Atlantiki, mengine Mediteranea. Nilitupa jani nione litakwenda wapi. Halikwenda popote. Toka hapo lami ilikwisha, tukapita udongo na mizizi, na upepo wa huko uitwao Autan ukatupiga usoni hata nikayasahau mapaja yaliyokuwa yakiniuma. Huko pia nilisikia ngurumo nyuma ya miti. Ilikuwa barabara kuu ya magari yaendayo kasi, ambayo hufuatana na mfereji kwa masafa marefu. Malori yalikuwapo, mengi na makubwa kuliko ya kwetu. Yalikuwa upande wao.

Kutoka Castelnaudary nilimpigia simu Baba. Niliona haya kumweleza, lakini nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika.

"Na malori yanapita wapi?" aliuliza.

"Yana barabara yao, Baba. Ng'ambo ya miti."

"Na wewe una yako."

"Ndiyo, Baba."

Akaniuliza kama tairi zilikuwa nene au nyembamba, na kama nilipata pancha. Mama alipochukua simu nilizungumzia chakula.

Binti yangu sasa ana miaka tisa na ana baiskeli yake, baada ya mazungumzo na bibi yake ambayo sitayaandika hapa. Barabara iliyo mbele ya nyumba yetu ni ile ile. Kwa hiyo kila Jumapili kabla ya saa moja nampeleka kwenye uwanja wa shule iliyo jirani, ambako mlinzi hutufungulia. Babu yake huja naye kwa fimbo, hukaa kwenye benchi na pampu mapajani. Mtoto huzunguka, huzunguka, na kila anapofika langoni hupunguza mwendo akachungulia nje.