Kovu la Mume Wangu, Moyo wa Mwanetu

Wengi tukisikia altrasaundi tunawaza kitu kimoja tu: ni wa kike au wa kiume? Kumbe mashine ileile inaweza kukwambia mengine mazito, tena yanayowahusu nyinyi wawili.

Mimba ilikuwa na wiki 20 daktari alipotuuliza kama kuna yeyote kwenye familia aliyezaliwa na tatizo la moyo. Nikatikisa kichwa. Mume wangu akakaa kimya, halafu akasema, "Mimi, dokta."

Jamani! Miaka minne ya ndoa, kovu la kifuani nalijua, na hadithi niliyopewa ni kwamba alianguka kutoka juu ya mwembe utotoni. Kumbe alifanyiwa upasuaji India akiwa na miaka sita, kuziba tundu kwenye moyo. Mama yake alimkataza kusema, eti atakosa mchumba. Usiku ule kila mtu alilala na ukuta wake.

Daktari alitueleza kwa upole. Duniani, karibu mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na hitilafu ya moyo, kwa hiyo wenye habari za laana na wakae nazo. Mzazi akiwa alizaliwa nayo, uwezekano unaongezeka kidogo. Hata mama mwenye kisukari kabla ya mimba anashauriwa kufanya kipimo maalumu cha moyo wa mtoto.

Kilichukua karibu saa nzima. Hakuna sindano wala mionzi, ni mawimbi ya sauti tu na ile jeli ya baridi. Daktari alitafuta vyumba vinne vya moyo, akaangalia vali zinavyofunguka na kufunga, na mishipa miwili mikubwa inavyopishana. Halafu akawasha rangi. Nyekundu ni damu inayokuja upande wa kile kifaa, bluu ni inayokwenda mbali nacho. Haina uhusiano na damu safi au chafu. Mapigo yalikuwa 146 kwa dakika, na kawaida ni kati ya 110 na 160.

Kuna uwazi kati ya vyumba vya juu ambao mtoto tumboni lazima awe nao, maana hajaanza kupumulia mapafu. Huo ulikuwepo. Lakini kulikuwa na tundu lingine dogo, kwenye ukuta wa vyumba vya chini, ambalo halikutakiwa kuwepo. "Moyo unasukuma damu vizuri," daktari alisema, "na matundu madogo ya namna hii mengi hujiziba yenyewe, kabla au baada ya kuzaliwa."

Mume wangu akalia. "Nimempa mimi." Hasira yangu ilikuwa bado ipo, ila mkono nilimpa.

Sasa nina wiki 31. Tumechagua kujifungulia penye daktari wa moyo wa watoto, na mtoto atapimwa tena akizaliwa. Ikibidi upasuaji, siku hizi Dar es Salaam tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015, inayopasua hata watoto. Si lazima kukimbilia pasipoti kama enzi za baba yake.

Juzi mume wangu alimpigia mama yake akamwambia yote, pamoja na kwamba mjukuu wake hatasimuliwa habari za mwembe. Simu ikawa kimya, nikadhani imekatika. Kisha mama akauliza kipimo kijacho ni tarehe ngapi, ili apande basi mapema.