Nyumba ya Udongo na Shamba Lisilochoka: Safari Yetu ya Mbozi Mission

Ukitoka Mbeya mjini kwa basi liendalo Tunduma, unapita Mbalizi, unashuka bonde la mto Songwe, kisha gari linaanza kupanda kuelekea Mlowo na Vwawa. Huko hewa hubadilika. Mwezi wa Juni na Julai baridi yake huwafanya akina mama wajifunge vitenge viwili viwili. Pande zote ni mahindi, maharage na kahawa, na malori yaendayo Zambia hayaishi barabarani. Hii ndiyo Mbozi, ambayo tangu mwaka 2016 imo katika Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mkoa wa Mbeya.

Wageni wengi wafikapo hapa hukata kona kwenda kuona kimondo, lile pande la chuma lililoanguka kutoka angani. Sisi safari hii tulikwenda Mbozi Mission. Wamisionari wa Kanisa la Moravian kutoka Ujerumani walianzisha kituo hiki katika nchi ya Wanyiha mwaka 1899, miaka minane baada ya kile cha Rungwe. Mmoja wao, Traugott Bachmann, alijifunza Kinyiha na kutafsiri Agano Jipya katika lugha hiyo. Leo jina la Mbozi Mission hutajwa zaidi kwa sababu ya hospitali ya kanisa, ambako akina mama wengi wamejifungulia.

Wakati ule hapakuwa na lori la kuleta saruji, na reli ya TAZARA ilikamilika mwaka 1975 tu. Aliyetaka nyumba, mwenyeji au mgeni, alianza na alichokikuta: udongo, mawe, miti na nyasi. Jambo hilo ndilo tulilokwenda kulitazama, maana wapo akina mama wanaolirudia leo kwa ujuzi mpya.

Mwenyeji wetu ni mama mjane wa miaka 60 hivi, ambaye jina lake tunalihifadhi. Ana ekari mbili na nusu kwenye mteremko, na chini yake kuna chemchemi. Yeye na marehemu mumewe waliizungushia miti, na sasa miti hiyo ni minene. Kijana wake anayefanya biashara Tunduma alitaka kumjengea mama yake nyumba ya matofali ya kuchoma kabla ya mvua. Matofali yakafyatuliwa. Ikabaki kuni za tanuri, na kijana akaonyesha kidole ile miti ya chemchemi.

"Mwanangu," mama akamwambia, "nyumba utanijengea, lakini maji ya kuoshea hiyo nyumba nitayatoa wapi?"

Wasomaji wetu, msidhani kijana huyu ni mbaya. Alimpenda mama yake, na aliona aibu watu wakisema kwamba mwenye duka Tunduma amemwacha mamaye katika nyumba ya matope. Katika vijiji vyetu nyumba ya udongo huhesabiwa kuwa alama ya umaskini. Kwa miezi kadhaa hawakuelewana. Mwishowe walikubaliana kwamba matofali yale yale yajengwe bila kuchomwa, na fedha za kuni zinunue bati na mawe ya msingi.

Tulimwomba fundi wao atueleze siri ya kazi hii. Alisema kwanza ni kuujua udongo wako. Tia udongo katika chupa nyeupe hadi nusu, jaza maji, tikisa sana, kisha iache siku nzima. Mchanga hutua chini, mfinyanzi hukaa juu. Tofali zuri linataka mchanga mwingi kuliko mfinyanzi, karibu mafungu mawili kwa moja. Mfinyanzi ukizidi, tofali hupasuka likikauka. Mchanga ukizidi, humomonyoka. Udongo hukandwa kwa miguu pamoja na nyasi zilizokatwa fupi, hutiwa katika fomu ya mbao, na tofali huanikwa wiki tatu au nne huku likigeuzwa. Jua kali la siku ya kwanza hulipasua, kwa hiyo hufunikwa kwa nyasi.

Jambo la pili ni maji, ambayo ndiyo adui mkubwa wa nyumba hii. Mbozi mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Kwa hiyo msingi ni wa mawe, umeinuka juu ya ardhi zaidi ya sentimita 30 ili matone yanayoruka yasifike ukutani. Paa limetokeza nje kiasi cha hatua moja kila upande. Ukuta umekandikwa kwa udongo, mchanga na samadi ya ng'ombe, na kila mwaka baada ya mvua mama na wajukuu hukandika upya palipochakaa. Asiyetaka kazi hiyo ya kila mwaka asijenge nyumba hii. Nyufa nazo zizibwe mapema, maana ndizo makao ya papasi na kunguni.

Mama alitaka bati badala ya nyasi kwa sababu ya maji. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja. Bati lake ni la mita 6 kwa 5. Mvua moja nzuri ya milimita 20 humpa lita 600, yaani ndoo 30 za lita 20, hata kama kidogo hupotea. Akina mama mnaopanda mlima na ndoo kichwani mnajua maana ya ndoo 30.

Jikoni tulikuta jiko banifu la udongo lenye bomba la kutolea moshi, linalokula kuni chache kuliko mafiga matatu. Taa ni za umeme wa jua, kipande kidogo tu juu ya bati, kinachotosha watoto kusoma na kuchaji simu.

Kisha tukatembea shambani. Kahawa imepandwa chini ya kivuli cha migomba na migrivilea. Ardhi haionekani, imefunikwa matandazo ya majani makavu. Makingamaji yamechimbwa kukata mteremko, na juu ya tuta zake kuna majani ya tembo kwa ajili ya ng'ombe mmoja aliye bandani. Ng'ombe hutoa samadi, samadi huenda kwenye shimo la mboji, na mboji hurudi kwenye kahawa na mboga. Maji ya kuoshea vyombo huishia kwenye shina la mgomba.

Wataalamu wameupa utaratibu huu jina la pamakalcha. Neno hilo lilianzishwa Australia na Bill Mollison na David Holmgren, ambao kitabu chao cha kwanza kilitoka mwaka 1978. Maana yake ni kupanga nyumba, maji, miti, mifugo na mazao ili kila kimoja kikisaidie kingine, na ardhi isichoke. Siku hizi yapo mashirika ya hapa nchini yanayofundisha kilimo cha namna hii, kama lile la Kilimo Endelevu Tanzania, SAT, mkoani Morogoro.

Jina ni geni, lakini kazi yenyewe tunayo. Wamatengo wa Mbinga hulima ngoro kwenye milima mikali: nyasi hulazwa katika miraba, udongo hufukuliwa katikati na kuzifunika, na mashimo yanayobaki huzuia maji yasichukue shamba. Kwa desturi wanaume hufyeka na kulaza nyasi, na wanawake huchimba. Jirani zetu wa Ufipa nao hufukia nyasi katika matuta makubwa ili zioze na kuwa mbolea. Bibi zetu hawakuwa wajinga.

Lakini kuna jambo moja ambalo mama huyu alitusisitizia tuliandike. Mumewe alipofariki, ndugu walikuja kuulizia shamba. Kilichomwokoa ni hati ya hakimiliki ya kimila iliyokuwa na majina yote mawili, la mume na la mke. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Miti huchukua miaka kumi kukomaa, na kahawa miaka mitatu au minne kuanza kuzaa. Nani atapanda kwa moyo asipojua kama kesho atafukuzwa? Basi, akina mama wenzetu, kabla ya kufyatua tofali la kwanza, ketini na waume zenu, mwende ofisi ya kijiji, majina yote mawili yaandikwe. Kufanya hivyo ni upendo wa ndoa, wala si kumtakia mtu kifo.

Mwanamke yule wa Mithali 31 anasifiwa kwa kuchagua shamba, kulinunua na kupanda mizabibu kwa kazi ya mikono yake. Vikundi vya wanawake makanisani vinaweza kuanza na jambo dogo mwezi huu: chupa moja ya udongo, shimo moja la mboji, na kuulizana kila mmoja kama jina lake limo katika hati. Bwana awabariki.