Saa Nne Mtito Andei

Wasafiri wengi wa Mombasa na Nairobi huuona mji wa Mtito Andei, kaunti ya Makueni, takriban nusu ya njia, kwa kupitia dirisha tu. Basi letu lilipoharibika hapo, tulingoja saa nne. Mama yangu, aliyekuwa akienda kutibiwa macho, alinyamaza kwa wasiwasi. Mwuza maembe wa Kikamba akamsogezea kigoda, akatupa maji ya udhu, akawaeleza watoto kuwa jina la mji maana yake ni msitu wa tumbusi. Tukazikusanya na kuzipunguza Adhuhuri na Alasiri, kwa ruhusa aliyopewa msafiri. Mama akatabasamu. Akina mama wenzangu, msala msiuache nyumbani. Nasi kila tupitapo, hushuka kumjulia hali mwenyeji wetu.