Watoto wanane ndani ya taksi moja



Juma hili hatuandiki juu ya masomo wala mitihani. Tunaandika juu ya njia ya kwenda masomo. Sisi ni walimu watatu wa shule moja ya msingi hapa Lubumbashi, upande wa Kampemba, na wote watatu ni wamama. Tunayoyasema hapa yanatuhukumu sisi wenyewe kwanza.

Mnajua mpango wa abonema. Wazazi wa mtaa mmoja wanapatana na shofere, wanamlipa kwa mwezi, naye anapeleka watoto asubuhi na kuwarudisha mchana. Tangu 2019 shule za msingi za serikali ni za bure, lakini njia ya kufika huko si ya bure. Taksi yetu ilikuwa inabeba watoto wanane: wawili kwenye kiti cha mbele, sita nyuma, wadogo wakipakatwa na wakubwa. Tulilipa dola 15 kwa kila mtoto. Wawili kati ya hao wanane walikuwa wa kwetu.

Kila asubuhi tulisimama mlangoni mwa shule tukiwatazama wakishuka. Tuliwahesabu ili tujue kama wote wamefika. Hatukuwahesabu hata siku moja ili tujue kama wanaenea ndani ya gari.

Asubuhi moja ya mwezi wa Novemba, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, taksi ilipunguza mwendo mbele ya dodani. Nyuma watoto walikuwa wakisukumana. Kiwiko cha mmoja kikagusa kishikio, mlango ukafunguka, na mtoto wa mwaka wa kwanza aliyekuwa amekalia nusu kiti akaanguka barabarani. Mkono wake ulivunjika. Nyuma yao hakukuwa na kamioni. Kulikuwa na puspus ya makala, na kijana aliyekuwa akiisukuma aliweza kuisimamisha. Ingekuwa kamioni, leo tungekuwa tunaandika habari za kilio.

Watu walituambia, “Mungu alimuchunga.” Ni kweli, alimchunga. Lakini hata sisi tulikuwa tumepewa kazi hiyo ya kumchunga.

Jumamosi iliyofuata tuliita wamama wote pamoja na shofere katika darasa la pili. Tulikuja tukiwa na hasira juu yake. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Bamama, mimi nabeba vile munalipa.” Hakuna aliyemjibu. Ndipo tulipotoka nje wote kwenda kutazama gari lenyewe, na kwa mara ya kwanza tukalitazama kama watu wanaoweka watoto wao ndani.

Jambo la kwanza tuliloliona ni mikanda. Tulidhani haipo. Ilikuwepo yote, imelala chini ya vitambaa vya viti, imefunikwa na vumbi la miaka. Shofere aliitoa mmojammoja, akaivuta kwa nguvu, ikashika.

La pili ni mlango. Ukifungua mlango wa nyuma wa magari mengi, utaona ubavuni mwake, karibu na kitasa, kidude kidogo cha kusukuma kwa kidole. Ni kufuli ya watoto. Ukikisukuma, mlango haufunguki tena kutoka ndani, unafunguka kutoka nje tu. Shofere alikuwa ameendesha gari hilo miaka minne bila kujua kazi yake. Kidude hicho hakigharimu hata franka moja, na kingeuokoa mkono wa mtoto yule. Sasa kimefungwa kila siku, na shofere mwenyewe anashuka kuwafungulia watoto, upande wa nyumba, si upande wa magari yanayopita.

La tatu ni kiti cha mbele. Taksi zetu nyingi zina usukani wa kuume, nasi tunapita kuume barabarani. Kwa hiyo anayekaa mbele pamoja na shofere yuko kushoto, katikati ya barabara, karibu kabisa na magari yanayokuja. Hapo ndipo tulikuwa tukiweka watoto wawili, kwa sababu walipenda kuona njia.

Kisha tulifanya kama tunavyofanya darasani, tukapiga hesabu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ghafula, aliye ndani bila mkanda anapigwa sawa na mtu aliyeanguka kutoka mita 10 juu, yaani nyumba ya etaji tatu. Hakuna mama anayeweza kumdaka mtoto anayeanguka kutoka etaji ya tatu. Na ile mikono tunayosema itamshika mtoto akiwa juu ya mapaja yetu, ni mikono ileile. Mama mwenyewe asipofunga mkanda, uzito wake wote unamwangukia mtoto aliye mbele yake.

Lakini mkanda nao ulitengenezwa kwa mtu mzima. Tulichora kwa chaki alama ya sentimita 135 ukutani, tukasimamisha watoto wanane hapo. Ni mmoja tu aliyeipita. Mtoto mfupi akifungwa mkanda peke yake, unampita shingoni na tumboni, na gari likisimama ghafula unaweza kumuumiza mahali hapo. Unapaswa kupita katikati ya bega, na chini ukalie mifupa ya nyonga. Ndiyo sababu kuna kile kiti kidogo kisicho na mgongo kinachomwinua mtoto. Ndugu zetu walioko Ubelgiji wanajua: sheria ya huko inakidai mpaka mtoto afikie sentimita 135. Ujerumani ni mpaka sentimita 150, au miaka 12.

Mama mmoja aliuliza kama mto wa kitanda hauwezi kufanya kazi hiyo. Hauwezi. Mto unateleza na kujikunja, na mtoto anapita chini ya mkanda. Tulichanga tukanunua viti viwili vya okazioni. Kabla ya kulipa tulitazama kama havina ufa, kama vina karatasi ya rangi ya machungwa yenye herufi E ndani ya duara, na tukamwuliza muuzaji kama vimetoka katika gari lililogonga. Kiti kilichokwisha kugongwa mara moja hakifai tena, hata kikionekana kizima.

Sasa shofere anafanya safari mbili, watoto wanne kila safari. Wadogo wawili wanakaa pembeni nyuma, juu ya viti vyao. Katikati, mahali penye mkanda wa kiuno tu, anakaa mwenye nyonga pana kidogo, mkanda ukiwa chini kabisa. Aliye mrefu kuliko wote anakaa mbele, kiti kikiwa kimerudishwa nyuma. Mtoto mmoja, mkanda mmoja. Kufunga wawili pamoja ni kuwagonganisha vichwa.

Kwa wenye watoto wachanga, neno moja. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, na shingo bado ni laini. Kwa hiyo kiti chake kinageukia nyuma ya gari, ili mgongo wote upokee kishindo. Kiti hicho kisiwekwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa unaolipuka. Kama huna kiti, kaa nyuma, jifunge mkanda wewe peke yako, usimzungushie mtoto. Hapo mtoto bado hana ulinzi, lakini hutamwangukia. Na mtoto wa mgongoni, mfungue kitenge kabla ya kuingia. Kumbeba mgongoni ni kuzuri njiani, lakini ndani ya gari anabanwa kati ya mgongo wetu na kiti.

Safari mbili zinakula esansi zaidi. Dola 15 zikawa 20. Wengi wetu tulinung'unika, tukalipa. Mama mmoja, anayeuza vitumbua alfajiri, ana watoto wawili, na 30 zake zikawa 40. Alikaa kimya mkutano wote. Jumatatu hakuwaleta. Nafasi zao zilichukuliwa siku hiyohiyo na watoto wa jirani. Wale wawili sasa wanakwenda kwa miguu, na kila asubuhi wanavuka peke yao barabara ambamo makamioni ya shaba yanapita.

Hatuwezi kuwaambia kwamba tulilinda watoto wanane. Tulilinda sita, na wawili tuliwatoa ndani ya hatari moja tukawaacha ndani ya nyingine. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema ajali za barabarani ndizo zinaua watu wa miaka 5 hadi 29 kuliko ugonjwa wowote. Nazo haziui walio ndani ya magari tu. Zinaua pia wanaovuka.

Kwa hiyo tunaleta ombi mbele ya chama. Likelemba yetu inatununulia sahani, vitenge na viti vya plastiki. Tunaomba mwezi huu itoe sehemu ndogo: dola 10 zinazokosekana kwa mama huyo, na mtu mzima mmoja, kwa zamu, wa kusimama penye kivuko saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sisi walimu tumekwisha kujiandikisha kwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Jumanne na Alhamisi bado hazina mtu.

Na wewe unayesoma, kesho asubuhi kabla taksi haijaondoka, fungua mlango wa nyuma, tafuta kile kidude, ukisukume. Kisha hesabu watoto, hesabu na mikanda. Hesabu hizo mbili zisipolingana, mwite jirani mwongee.

Mbaki salama.