Kirkenes: Ofisi ya Ujirani Kandokando ya Mpaka

Mtu akipanda meli ya pwani katika mji wa Bergen, kusini-magharibi ya nchi ya Norwei, akasafiri siku kadha kuelekea kaskazini, hufika mwishowe katika mji mdogo wa bandari uitwao Kirkenes. Hapo meli hugeuza na kurudi ilikotoka. Kuanzia mwisho wa Novemba hata katikati ya Januari jua halichomozi kabisa, na wakati wa kiangazi halitui kwa muda wa miezi miwili hivi. Oslo, mji mkuu, uko mbali sana. Lakini mpaka wa Urusi uko kiasi cha kilomita 15 tu.

Wenyeji wamezoea taabu. Katika vita vya pili vya dunia Wajerumani waliuteka mji huo, na ndege za Urusi zikaupiga mabomu mara nyingi. Raia wapatao 3,000 walijificha ndani ya handaki la mgodi wa chuma huko Bjørnevatn, hata askari wa Urusi walipowakomboa mwezi wa Oktoba 1944. Lakini baada ya vita mataifa makubwa yalitiliana shaka, na majirani wakawa wageni kwa miaka zaidi ya arobaini.

Tarehe 11 Januari 1993, Thorvald Stoltenberg, Waziri wa Mambo ya Nje wa Norwei, aliwakaribisha Kirkenes wajumbe wa Urusi na wa nchi nyingine za kaskazini, wakatia sahihi mapatano ya ushirikiano. Mwaka ule ule ikafunguliwa ofisi iitwayo Sekretarieti ya Barents ya Norwei. Haikuwekwa Oslo, bali Kirkenes, kwa maana fimbo ya mbali haiui nyoka. Kazi yake ilikuwa kupokea fedha za serikali na kuwasaidia watu wa pande mbili wenye shughuli ya pamoja, wawe wafanyabiashara, walimu, wanamichezo au waandishi wa habari. Waanzilishi walifahamu ya kwamba ni shida kufanya biashara na jirani usiyemjua wala kuielewa lugha yake.

Faida ilionekana. Mgodi wa chuma ulipofungwa katika miaka ya 1990, meli za uvuvi za Kirusi zilizokuja kutengenezwa ziliwapa mafundi riziki. Majina ya barabara yakaandikwa kwa herufi za Kinorwei na za Kirusi. Warusi walivuka kununua kahawa na nepi za watoto, nao Wanorwei wakaenda Nikel kujaza petroli ya bei nafuu. Tangu Mei 2012 wakazi wa kilomita 30 kutoka mpakani waliweza kupita kwa kibali maalum bila viza, na katika mwaka 2013 safari za kuvuka zilizidi 300,000.

Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine kwa majeshi, na mambo yakabadilika. Ushirikiano na serikali ya Urusi ulisimamishwa. Bandari za Norwei zilifungwa kwa meli za Urusi, isipokuwa za uvuvi, nazo ziliachiwa bandari tatu tu, Kirkenes ikiwa mojawapo. Septemba 2023 Urusi ilijitoa katika Baraza la Barents, na tangu Mei 2024 watalii wa Kirusi hawaruhusiwi kupita. Wenye maduka na karakana za Kirkenes walipoteza wateja, ingawa si wao walioanzisha vita.

Je, kazi ya miaka thelathini imepotea bure? Ofisi haikuweza kuzuia vita, na wala haikuundwa kwa kazi hiyo. Lakini mjini wamo Warusi waliooa au kuolewa huko, na wamo Wanorwei waliojifunza Kirusi ili wapate kufanya biashara. Siku mpaka utakapofunguliwa tena, watu hao hawatahitaji kuanza kwa kuulizana majina, kama ilivyowalazimu wazee wao mwaka 1993.