Chakula cha Mjini na Nauli ya Kurudi

Mwaka jana nilimpeleka mama yangu Dodoma kutazamwa macho. Tulitoka kijijini kwetu, upande wa Mpwapwa, na shilingi 60,000. Katika hizo, 20,000 zilikuwa nauli ya kurudi. Mke wangu alizifunga katika kitambaa, akaniambia: "Baba watoto, hizi usiziguse hata njaa ikikuuma."

Siku ya kwanza tulitoka hospitali saa nane, tumbo tupu, tumeambiwa turudi kesho yake. Dodoma ya leo si ile ya ujana wangu. Mji uliteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini tangu Serikali ilipoanza kuhamia kweli mwaka 2016, hoteli zimejaa kila barabara. Basi tukaingia moja, nami nikaona haya kumwuliza bei kijana aliyevaa tai. Nikaagiza wali kwa kuku na soda, kwa watu wawili. Hesabu ikaja 32,000! Mama, ambaye alikula nusu tu, akauliza ni kiasi gani. Nikasema 6,000.

Jioni dawa ya macho ikagharimu 15,000. Usiku ule, nyumbani kwa ndugu tulikolala, nikafungua kitambaa gizani.

Kesho yake mama akakataa kufuata uongozi wangu. "Nipeleke wanakokula wachukuzi," akasema. "Mtu anayebeba magunia hali kidogo, wala hana fedha za kutupa."

Tukaenda soko la Majengo, kwa mama ntilie mmoja mwenye masufuria yaliyofunikwa vizuri. Safari hii niliuliza bei kabla ya kukaa: ugali wa uwele kwa mlenda, 2,000. Mama akamsalimu, "Mbukwa!" Yule mama akacheka, akatuongezea mlenda bila malipo.

Sijui kwa nini tukifika mjini tunauonea haya uwele. Mvua ya Ugogo ni kama milimita 500 hadi 600 tu kwa mwaka. Mahindi hukauka mara nyingi, uwele hustahimili. Majani ya ilende nayo yakianikwa huwekwa mpaka kiangazi. Ugali ule wa kijivu ulitushika mpaka jua kuchwa, na wali wa jana ulikuwa umetupotea kabla ya magharibi. Mama alimaliza sahani yake, akaifuta kwa kidole.

Tulipofika stendi nikatoa kitambaa. Mama akakipokea, akalipapasa fundo.

"Fundo hili si la mke wako," akasema.

Nikamwambia yote, ile 32,000 na uongo wangu. Akanyamaza kitambo. Kisha akafungua pindo la kanga yake, akahesabu 11,000 zilizopungua, fedha za karanga zake, akanipa.

"Nitakudai wakati wa mavuno, baba."

Mavuno yamekwisha. Nimemlipa 5,000, 6,000 bado.