Hesabu Mara Ngapi Inadunda

Fundi aliweka mikono miwili juu ya madigadi ya mbele ya pikapu yangu, akaibonyeza kwa uzito wake wote, kisha akaiachilia.

"Hesabu, madam," akaniambia.

Nikahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Pikapu ilikuwa ikipanda na kushuka kama mtu anayecheka bila sauti. Nne. Ilipofika tano nikanyamaza, kwa sababu kichwani nilikuwa nimeanza hesabu nyingine: pesa nilizomkata tanboi wangu.

Mimi hubeba maembe. Hii siyo kazi niliyoiota nikiwa chuo, lakini ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Msimu ukifika, kila Jumamosi natoka Eldoret saa kumi alfajiri, nikiwa na sweta mbili na chupa ya chai. Napita Iten, kule wakimbiaji wanakotafuta hewa nyembamba kwenye kimo cha karibu mita 2,400, halafu naanza kuteremka. Kona baada ya kona, Tambach inapita, masikio yanaziba na kuzibuka. Ukifika chini, kwenye Bonde la Kerio, umeshuka zaidi ya mita 1,000 na sweta zote mbili ziko kwenye kiti cha pembeni. Biretwo naiacha lami, naingia marumu ya kuelekea Arror. Huko ndiko kuliko na wakulima wangu.

Pikapu yenyewe ni Hilux ya dizeli, four-wheel, niliyoachiwa na Baba alipochoka kuendesha. Enzi zake ilibeba maziwa kutoka Moiben. Ili iweze kubeba mitungi mingi zaidi, Baba aliiongezea springi za nyuma, vile vyuma virefu vinavyopangwa kimoja juu ya kingine kama kurasa za kitabu. Alinikabidhi ufunguo na maneno manne: "Hii gari haina shida." Nikamwamini. Nani hamwamini babake kuhusu gari?

Shida ilianzia sokoni. Sasa, embe halilalamiki papo hapo. Ukiligonga asubuhi, jioni bado linang'aa kama limepakwa mafuta. Siku ya pili au ya tatu ndipo doa jeusi linapojitokeza, na ukilikata unakuta nyama ya ndani imekuwa maji. Wakati huo mimi nimeshalipwa na niko kwangu natazama filamu. Basi simu inaingia. Ni mama mmoja anayenunua kwangu kwa jumla, amenitumia picha WhatsApp: kreti nzima ya maembe yenye madoadoa. Chini yake ameandika, "Mwanangu, haya uliyabeba au uliyapiga na nyundo?"

Wiki iliyofuata akanikata pesa. Nami nikatafuta wa kumkata.

Ni nani aliyeyapanga maembe kwenye kreti? Tanboi. Ni nani aliyekaa nyuma nayo njia nzima? Tanboi. Nilikuwa nimepata jibu kabla sijauliza swali. Nikamwambia kuanzia sasa kila safari ambayo maembe yataharibika, shilingi 200 zitatoka kwake.

Jina lake silisemi hapa kwa sababu sikumwomba ruhusa. Ni kijana wa miaka 20 hivi, mpole, anayeongea kama kila neno linakatwa kwenye salio lake la simu. Aliniangalia, akasema, "Bosi, mimi napanga poa. Ni gari inarusha."

"Barabara ndiyo mbaya," nikamjibu. "Gari haina shida."

Hakubishana. Jumamosi iliyofuata alikuja na gunia la nyasi kavu alizokata kwao, akatandika chini ya kila kreti na katikati ya kila safu. Sikumtuma, wala sikumlipia hizo nyasi. Na maembe yalipoharibika tena, ingawa kidogo kuliko mwanzo, nilimkata 200 zangu. Nilifanya hivyo safari kumi na moja.

Nataka kuwa mkweli hapa. Haikuwa kwamba sikuona dalili. Nikikanyaga breki, pua ya gari ilikuwa inainama kama inasalimia wazee. Kwenye marumu usukani ulikuwa unatetemeka hadi viganja vinakufa ganzi. Nikipita tuta moja, gari liliendelea kuyumba kana kwamba yako matatu. Lakini vitu hivi havikuja siku moja. Vilikuja polepole sana, na kila wiki mwili wangu ulijifunza kuvivumilia kidogo zaidi. Ungeniuliza, ningekuambia gari liko sawa, tena ningekuapia.

Mpaka ile Jumamosi. Tulikuwa tunarudi, mzigo umejaa, tanboi amekaa juu ya kreti kama kawaida yake. Kulikuwa na kona kwenye marumu, si kali hata, mahali ambapo barabara imejikunja mawimbi madogo madogo kama bati. Mwendo wangu haukuzidi hamsini. Nikasikia nyuma ya gari ikianza kudunda, tu-tu-tu-tu, halafu ghafla sauti ikakata. Kimya hicho ndicho kilikuwa kibaya. Tairi za nyuma zilikuwa hazigusi ardhi vizuri. Nyuma ikateleza kuelekea mtaroni, taratibu, kama mtu anayesogezwa kwenye benchi. Nilizungusha usukani, nikaachia mafuta, nikaita majina ya Mungu kwa lugha tatu. Gari lilisimama tairi moja ikiwa hewani juu ya mtaro.

Niliposhuka, tanboi alikuwa amekaa katikati ya barabara, kiwiko kimechubuka, maembe yamemzunguka. Hakunitukana. Aliinuka, akajipangusa vumbi, akaanza kuokota embe moja moja na kulirudisha kwenye kreti. Tulipofika Eldoret alichukua begi lake. Jumamosi iliyofuata hakuja, na simu yangu hakushika.

Hivyo ndivyo nilivyofika gereji hii ya jua kali upande wa Langas. Sisi ni jiji tangu Agosti 2024, ila barabara ya kuingia hapa gereji bado haijapata hiyo habari. Nilienda kununua tairi, nikiamini tatizo ni tairi. Fundi hata hakunipa bei. Alichuchumaa, akapitisha kiganja juu ya tairi la nyuma, akanishika mkono nami nipapase. Lilikuwa limelika kwa mabonde: hapa juu, hapa chini, hapa juu.

"Hii tairi haikuwa inakimbia," akasema. "Ilikuwa inaruka."

Kisha ndipo akabonyeza madigadi na kuniambia nihesabu. Gari zima, alisema, hushuka, likapanda mara moja, likatulia. Likiendelea kudunda, shokomzoba zimekwisha. Alimulika tochi chini. Zote nne zilikuwa zimelowa mafuta, na vumbi la Kerio limegandamana juu yake likawa tope jeusi.

Mimi siku zote nilidhani shokomzoba ndizo zinabeba uzito wa gari. Fundi alicheka, si kwa dharau. Akanieleza kwamba mbebaji ni springi. Ila springi haijui kuacha: ukiibonyeza inarudi, inapitiliza, inarudi tena. Ndani ya shokomzoba kuna mafuta na pistoni yenye vitundu vidogo. Gari likirushwa, pistoni inasukumwa kwenye mafuta, na mafuta yanalazimika kupenya kwa shida kwenye vile vitundu. Katika shida hiyo, nguvu ya mrusho inageuka kuwa joto na kuishia hewani. "Springi inabeba," akasema. "Shokomzoba inaiambia springi, imetosha."

Alifungua moja ya nyuma akanipa niibonyeze. Iliingia kwa mkono mmoja kama pampu ya baiskeli isiyounganishwa na tairi, na ikabaki humo humo. Kisha akaniambia kitu ambacho sikukitarajia: zile springi alizoongeza Baba zilikuwa zimezidisha taabu. Springi ikiwa ngumu zaidi, inarusha kwa nguvu zaidi, na shokomzoba ya kawaida haiwezi kuituliza. Kisha ipeleke hiyo hiyo kwenye mawimbi ya marumu saa nzima bila kupumzika. Mafuta yanachemka, yanafanya povu, na povu halina ubishi wowote.

Nilikumbuka jinsi Baba alivyokuwa akiendesha miaka yake ya mwisho: thelathini kwa saa, mikono yote miwili kwenye usukani, kimya. Sisi watoto tulikuwa tukicheka huko nyuma, eti mzee amezeeka. Kumbe alikuwa ameshalizoea gari linalodunda, akapunguza mwendo bila hata kujua anapunguza kwa nini. Mimi nikarithi gari, lakini ule mwendo sikuurithi.

Usiku huo nilikaa na simu nikisoma kuhusu yale mawimbi. Nilitaka sana kosa liwe la mtu: malori, kaunti, mtu yeyote. Nikakuta kwamba mwaka 2007 wanafizikia watatu, Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine, walichapisha matokeo ya jaribio la kuzungusha gurudumu juu ya mchanga. Hata gurudumu gumu, lisilo na springi yoyote, liliyachora mawimbi yale yale. Chini ya mwendo fulani mchanga unabaki sawa. Ukipita mwendo huo, gurudumu linaanza kuruka vijiruko vidogo, kila kiruko kinachimba, na kila kishimo kinamrusha anayefuata. Kwa hiyo barabara ya Arror tumeichonga sisi sote tunaoipita kwa haraka, nami nimo.

Asubuhi fundi alinipa njia tatu. Ya kwanza, kuzitoboa zile kuukuu, kuzijaza mafuta na kuzichomelea. Akasema atanifanyia nikitaka, ila nisimrudie baada ya mwezi nikilia. Ya pili, za mitumba kutoka Japani, shilingi 2,500 kila moja. "Hizo zimestaafu huko kwao," akasema, "wewe unataka kuziajiri tena Kerio." Ya tatu, mpya, za kazi nzito, zenye gesi ya nitrojeni inayoyabana mafuta yasifanye povu haraka: 6,500 kila moja, na lazima zibadilishwe mbili mbili, ya kulia na ya kushoto, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Zikiwa nne ni 26,000. Kazi yake, 2,000.

Nilikuwa na hizo pesa. Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Nilikuwa nazo tangu msimu uanze. Ningekagua gari ningelazimika kuzitoa, na kumkata kijana 200 kulikuwa rahisi kuliko kuinama kutazama chini ya gari langu mwenyewe. 200 mara kumi na moja ni 2,200. Haifiki hata bei ya shokomzoba moja ya mitumba.

Tulifunga zote nne kufikia saa nane mchana. Fundi akatoa pia vile vyuma viwili vya springi alivyoongeza Baba, kwa sababu maembe siyo mitungi ya maziwa. Akabonyeza madigadi. Pikapu ikashuka, ikapanda, ikatulia.

"Moja," nikasema.

Nilipolipeleka kwenye njia mbovu ya kutoka Langas, mikono yangu ilikuwa bado inabana usukani ikingoja kupigwa. Haikupigwa. Ilinichukua kilomita kadhaa kugundua kwamba mabega yangu yalikuwa yameinuka hadi karibu na masikio, na kwamba pengine yamekuwa hivyo kwa miezi. Jumamosi hiyo nilipakia mwenyewe nikisaidiwa na mkulima, nikatandika nyasi kama nilivyoona zikitandikwa, nikapita ile kona kwa thelathini. Siku ya tatu nilimpigia simu yule mama wa sokoni kabla hajanipigia. "Leo umebeba mayai?" akaniuliza.

Basi sikuwa na pa kujificha tena. Nilimtumia tanboi shilingi 2,200 kwa M-Pesa, na ujumbe: kwamba gari ndilo lilikuwa linarusha, kwamba aliniambia na sikusikia, kwamba naomba msamaha, na kwamba nyasi zake pia nitazilipa akiniambia bei. Niliuandika mara nne. Mara tatu za kwanza kulikuwa na neno "lakini" ndani yake.

Alijibu baada ya siku mbili.

"Imefika."

Nikangoja. Dakika kumi hivi zikapita.

"Umebadilisha?"

"Zote nne," nikaandika, nikijisikia mtoto anayeonyesha daftari.

"Na bushi za springi?"

Nilitoka nje na tochi ya simu, nikalala chali kwenye baridi ya Eldoret ya saa tatu usiku, nikatafuta mahali springi inaposhikana na chesi. Mpira wa kwanza ulikuwa umepasuka kama midomo ya Januari. Wa pili haukuwepo kabisa. Palikuwa na chuma juu ya chuma. Nikapiga picha, nikamtumia.

"Si nilikuambia bosi," akajibu. "Mwezi wa pili."

Nilirudi nyuma kwenye jumbe zetu, nikatafuta. Ni kweli, upo pale, kati ya ujumbe wangu wa kuuliza amefika wapi na ule wa kumjulisha nimemkata tena. *Bosi kuna kitu inagonga huku nyuma, uambie fundi aangalie bushi.* Una zile alama mbili za buluu. Niliusoma.

Fundi nimempigia, Ijumaa naenda. Kama kijana atakuja Jumamosi, bado hajasema.